Kisiwa cha Mvua Nyingi Kisicho na Mto

Ubavu wa magharibi wa mlima Karthala, kisiwani Ngazija nchini Komoro, hupata mvua ambayo mkulima wa Dodoma akitajiwa kipimo chake atadhani anataniwa. Juu msituni hunyesha zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka. Na bado Ngazija nzima haina mto. Hakuna hata kijito cha kuchotea ndoo mwaka mzima. Mvua inashuka, inagusa mawe, inapotea.

Naanza na maji kwa kusudi. Watu wengi wanaosimulia safari ya Komoro huanza na moto, maana Karthala ni volkano hai na moto ndio unaouza hadithi. Moto upo na nitaufikia. Lakini nimezunguka Ngazija, Mwali na Nzwani, na kila nilipouliza kwa nini watu wamejenga hapa wakaacha pale, kwa nini popo fulani anaishi mabonde yale tu, kwa nini samaki fulani hupatikana pwani hii zaidi ya ile, jibu lilinirudisha kwenye njia ya maji: yamezamia wapi, yametokea wapi, na nani ameyakosa.

Visiwa hivi vimekaa kwenye mdomo wa kaskazini wa Mlango-Bahari wa Msumbiji, kati ya Msumbiji na Madagaska. Ni vinne: Ngazija upande wa magharibi, kisha Mwali, Nzwani, na Maore (Mayotte) mashariki kabisa. Vyote vimejengwa na volkano kutoka sakafu ya bahari, ila kila kimoja kwa wakati wake. Ngazija ndicho kikubwa kwa eneo na ndicho kichanga kwa umri. Maore ndicho kikongwe. Hapo ndipo penye ufunguo. Lava changa imejaa nyufa na matundu, kwa hiyo maji hupenya moja kwa moja hadi chini kabisa, yakakutane na maji ya bahari. Lava iliyozeeka huoza ikawa udongo mzito wa mfinyanzi, na udongo huo ukishika maji, mito huzaliwa. Ukivuka kutoka Ngazija kwenda visiwa vingine unakuwa unatazama jiwe likigeuka kuwa shamba.

Kwa ndege kutoka Dar es Salaam, safari haifiki saa mbili. Sisi watu wa pwani tunawajua Wangazija tangu zamani: wamekuwa walimu wetu wa dini, mafundi wetu, wakwe zetu. Sheikh Ahmad bin Sumait, kadhi mkubwa wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, mwendo mfupi kutoka Moroni, mji mkuu wa Komoro. Chama cha kudai uhuru wa Komoro, MOLINACO, kiliundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960, zaidi ya miaka kumi kabla ya visiwa vile kujitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Pamoja na ukaribu wote huo, mtalii wa Kitanzania au Mkenya huko ni nadra kumwona. Mtu anaota kwenda Hawaii kuona volkano ilhali volkano iko kwa jirani, na jirani mwenyewe anamwamkia kwa lugha ambayo nusu yake anaielewa.

Ndege ikitua Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija, kitu cha kwanza utakachokiona ni weusi. Lava iliyoganda imefika hadi baharini, mikunjo kwa mikunjo kama uji uliomwagika ukapoa, na juu yake minazi imeota papo kwa papo. Barabara ya kuingia Moroni inapita katikati ya vijiji vya mawe, na karibu kila nyumba ina birika. Mengine ni ya zamani, yamejengwa kwa mawe na chokaa. Mengine ni matangi ya saruji yaliyounganishwa na bati kwa mabomba ya mvua. Visima vya pwani vipo, lakini maji yake mengi yana chumvi, kwa sababu yale yanayozama mlimani huja kuelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, na ukivuta kwa pupa chumvi inapanda.

Mama mwenye nyumba niliyofikia Moroni alinionyesha birika lake kabla hajanionyesha chumba. Alifungua kifuniko, tukachungulia pamoja, akanieleza kipimo: maji yakifika alama fulani ukutani, nyumba nzima inaanza kuoga kwa kopo. Alikuwa ameishi Unguja alipokuwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Mji Mkongwe, laini, chenye adabu ya kizamani.

"Mwanangu," akaniambia, "sisi hatulali tukasikia mvua tukajifunika. Tukisikia mvua tunaamka kutazama bomba."

Ndiye aliyenisimulia Novemba 2005. Karthala ililipuka usiku, na kulipokucha jivu lilikuwa limefunika mapaa, mashamba na birika zote zilizokuwa wazi. Mlima haukumwaga lava juu ya vijiji safari ile. Uliharibu maji, na katika kisiwa kisicho na mto hilo lilitosha kuwatia watu katika dhiki kubwa. Mashirika ya misaada yakalazimika kugawa maji ya kunywa vijijini. Mama alisema walikunja mikeka, wakafagia bati kwa mifagio ya makuti, wakakomba birika hadi chini, kisha wakakaa kuomba mvua safi.

Nikapanda Karthala nikiwa na maneno yake kichwani.

Njia ziko kadhaa. Wengine huanzia Nioumbadjou upande wa kusini, ndani ya msitu. Mimi nilianzia Mvouni, kijiji kilicho juu ya Moroni, na kiongozi wangu alikuwa mkulima wa palepale, mtu wa makamo aliyepanda mlima ule tangu utotoni akifuata ng'ombe wa baba yake. Tuliondoka kabla ya alfajiri. Jambo la kwanza alilokagua kwenye mzigo wangu lilikuwa maji. Viatu hakuviangalia, koti hakuliuliza. Alihesabu chupa, akaongeza dumu lake mwenyewe. Juu hakuna chemchemi. Kila tone utakalokunywa, utakalopikia na utakalotawadhia umelibeba mgongoni.

Mwanzo ni mashamba: migomba, majimbi, mihogo, mishelisheli, mivanila iliyojizungusha kwenye miti ya kivuli. Watu wanashuka na mizigo kichwani, wanatusalimia, wanamuuliza kiongozi habari za nyumbani na za ng'ombe. Halafu mashamba yanakatika na msitu unaanza, na joto la pwani linabaki nyuma. Miti imevaa kuvumwani kutoka shinani hadi matawini. Mikangaga imerefuka ikawa na shina kama mti. Ukungu unapita katikati ya matawi na majani yanadondosha maji hata pasipo mvua, kwa kuwa msitu ule unakamua mawingu. Kila tone linalodondoka linamezwa na udongo mwembamba, kisha na lava chini yake, kisha basi, haliko tena.

Ndege wa pale wana thamani kubwa kwa mtu anayependa viumbe. Karthala ina bundi wake mwenyewe, mdogo, ambaye hapatikani mlima mwingine wowote duniani. Ina mramba wake wa Ngazija, na ndege wadogo wa macho meupe wanaoishi juu kabisa kwenye vichaka. Bundi sikumwona. Nilimsikia usiku, sauti moja fupi inayorudiwa bila kuchoka, na kiongozi akanong'ona kwamba wazee hawapendi kumtaja jina wakiwa mlimani. Eneo analoishi ni pete tu ya msitu kuuzunguka mlima, na pete hiyo inabanwa: kutoka chini na mashamba, kutoka juu na volkano yenyewe. Kiumbe anapokuwa na mlima mmoja tu, kila mti unaokatwa unahesabika.

Juu ya msitu huja vichaka vya erika, jamaa ya ile inayoota Kilimanjaro juu ya msitu wa mvua. Hapo upepo unafunguka. Tulipita mahali ambapo vichaka vimebaki vijiti vyeupe vilivyokaushwa na milipuko, na chini yake machipukizi ya kijani yamefika kiunoni. Kiongozi aliweza kunisomea umri wa kila kipande kwa urefu wa machipukizi. Ng'ombe walikuwepo hata huko, wakila majani kwenye ukungu.

Kisha ukingo. Kaldera ya Karthala, yaani bonde kubwa la kileleni lililodidimia, ina upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, na kilele cha mlima kiko mita 2,361. Unasimama ukingoni na chini yako kuna uwanja wa kijivu, mchanga wa jivu na mawe meusi, na ndani ya uwanja huo kuna kasoko kubwa ya Chahale, shimo ndani ya shimo, kuta zake zikionyesha matabaka ya milipuko iliyopita moja juu ya moja. Tulishuka kwenye uwanja. Hatua hazitoi sauti, jivu linazimeza. Penye nyufa mvuke unatoka, na ukiweka kiganja juu ya mawe unasikia uvuguvugu. Kiongozi hakuniruhusu kukaa kwenye vibonde. Mwaka 1903 gesi ya mlima huu iliua watu, na gesi nzito hukusanyika penye mabonde bila rangi wala dalili. Hilo analijua bila kusoma popote. Amefundishwa na baba yake.

Sasa narudi kwenye maji, maana hapo ukingoni ndipo jambo lilipofunguka kwangu. Milipuko mingi ya kutisha ya Karthala haitokani na lava peke yake. Maji yale ya mvua yaliyozama huenda yakakutana na joto la chini, yakageuka mvuke kwa ghafla, na mvuke ukipanuka hupasua mwamba na kuurusha angani. Mwaka 1991 ulikuwa mlipuko wa mvuke mtupu. Aprili 2005, miamba iliyoyeyuka ilikutana na maji na jivu likashuka juu ya vijiji, maelfu ya watu wakakimbia. Miezi michache baadaye ikaja ile ya Novemba ambayo mama wa Moroni aliisimulia. Mlima ulilipuka tena 2006 na Januari 2007. Kwa hiyo maji yanayokosekana kwenye mito ya Ngazija hayajaenda bure. Yako tumboni mwa mlima, na wakati mwingine mlima unayarudisha kwa namna yake.

Lava nayo ina njia zake. Mwaka 1977 ilipasukia chini, ubavuni upande wa kusini-magharibi, ikapita katikati ya kijiji cha Singani. Leo unapita Singani kwa gari na mkondo ule mweusi bado uko wazi, nyumba mpya zimejengwa kando yake na nyingine juu yake. Nilipouliza kwa nini watu walirudi, mzee mmoja alinishangaa. Makaburi ya wazee wao yako pale. Waende wapi?

Usiku tulilala ukingoni ndani ya hema, kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hana nguo zake. Tulipika wali kwa kikombe cha maji tulichokipima. Kiongozi alinisimulia asili ya mlima kama inavyosimuliwa Ngazija: kwamba enzi za Nabii Suleiman jini alidondosha kito baharini, na pale kilipozama ndipo moto ulipoinuka ukawa Karthala. Moroni kuna kituo cha kuchunguza volkano kilichoanzishwa mwaka 1988, chenye mitambo mlimani inayosikiliza mitetemeko mchana na usiku. Watu wa Mvouni wanaviheshimu vyote viwili, hadithi na mitambo, na sikuona sababu ya kuwataka wachague.

Kaskazini mwa kisiwa, karibu na Bangoi Kuni, kuna ziwa la chumvi ndani ya kasoko ya zamani, hatua chache kutoka baharini, kimya, rangi yake ikibadilika na mwanga. Hadithi yake ni ya maji pia. Mchawi mmoja alipita kijijini na kiu, akaomba maji, akanyimwa. Kijiji kikadidimia na ziwa likakaa mahali pake. Ukiwa umeona birika za Ngazija unaelewa pande zote mbili za kisa hicho, uzito wa kunyima na sababu ya kunyima.

Kuna kiumbe mmoja ambaye lava changa imemnufaisha kuliko wote. Nimekulia Tanga, na kwetu samaki huyu tunamwita silikanti. Wataalamu waliamini ametoweka duniani miaka milioni 66 iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Profesa J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki, akatafuta wa pili kwa miaka kumi na minne, akisambaza vipeperushi vyenye picha na ahadi ya zawadi katika pwani zote hizi. Desemba 1952 mvuvi wa Nzwani, Ahamadi Abdallah, akamvua. Watu wa Komoro walikuwa wanamjua siku zote. Wanamwita gombessa, humpata kwa bahati mbaya wakivua usiku kwa mishipi mirefu, na hawamtamani kwa kuwa nyama yake ina mafuta mabaya tumboni. Dunia nzima ilikuwa inatafuta samaki ambaye mvuvi wa Domoni, mji wa Nzwani, angeweza kumchora kwa mkaa ukutani.

Kwa nini pale? Kwa sababu ya mapango. Lava changa ya Ngazija inaposhuka baharini huacha mashimo na nyufa kwenye miteremko mikali, na gombessa hulala humo mchana, kwenye kina cha mita 150 hadi zaidi ya 200, penye maji ya baridi, kisha usiku hushuka kuwinda. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa chombo kidogo cha chini ya maji mbele ya pwani ya Ngazija akampiga picha za kwanza za sinema akiwa hai makwao. Akaonekana anaogelea polepole, mapezi yakienda kwa zamu kama miguu ya mnyama anayetembea. Utafiti wa karibuni wa magamba yake unaonyesha kwamba anaweza kuishi karibu miaka mia moja. Kwetu alianza kuonekana kwenye jarife kuanzia 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Katika jumba la makumbusho la Moroni yupo mmoja aliyehifadhiwa, wa rangi iliyofifia, mrefu karibu kama mtu. Nilisimama mbele yake muda mrefu nikiwafikiria wavuvi wa kwetu, jinsi bahari moja inavyotuunganisha kwa njia tusizoziona.

Kuvuka kwenda Mwali kuna njia mbili: ndege ndogo, au boti kutoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija, hadi Hoani. Mkondo wa bahari baina ya visiwa ni mkali. Anayechagua boti na adai jaketi la kuokolea maisha, na akikosa asipande. Hilo nalisema bila aibu mbele ya nahodha yeyote.

Mwali ni kidogo, watu wake ni wachache, na una sauti ambayo Ngazija haina: maji yanatiririka. Vijito vinashuka kutoka msituni, wanawake wanafua mtoni, watoto wanaoga chini ya daraja. Kisiwa ni kizee zaidi, udongo wake ni mwekundu, unashika maji. Mwaka 2001 hapa ndipo ilipoanzishwa hifadhi ya kwanza ya Komoro, ya bahari, wanavijiji wenyewe wakiwa ndani ya mazungumzo tangu mwanzo. Baadaye ikapanuliwa hadi nchi kavu, na mwaka 2020 UNESCO ikakiingiza kisiwa kizima kwenye orodha yake ya hifadhi za biosfia.

Katika kijiji cha Itsamia kasa wa kijani hupanda ufukweni kutaga, na fukwe zile ni kati ya muhimu zaidi kwao katika Bahari ya Hindi magharibi. Kijana wa kijiji alitupeleka usiku bila tochi nyeupe. Masharti yake yalikuwa wazi: usimpite mbele, usiongee anapochimba, usimguse, subiri hadi mayai yaanze kudondoka. Tulilala kifudifudi mchangani. Kasa alichimba kwa mapezi ya nyuma kwa uangalifu mkubwa, kijiko kimoja cha mchanga kushoto, kimoja kulia, kisha mayai yakaanza, meupe, mawili-mawili, matatu-matatu, zaidi ya mia. Akafunika, akakanyaga, akatupa mchanga huku na huku kupoteza alama. Alihema kwa nguvu kila alipojiburuta, na pumzi yake ilisikika kuliko mawimbi. Baada ya miezi miwili hivi mayai yataanguliwa na watoto wachache watafika mbali. Kijana aliniambia babu yake alikuwa mchinjaji wa kasa. Yeye anakesha kuwalinda, na wachinjaji wanaokuja kwa boti usiku kutoka visiwa vingine bado wapo. Anapokea posho ndogo kutoka kwa wageni kama mimi, na kulipia hiyo kazi ni haki.

Si mbali na Itsamia liko ziwa Boundouni, ndani ya kasoko iliyolala siku nyingi, limezungukwa na miti na bata-maji weusi weusi wakipiga mbizi. Pembezoni niliona komba wa huko, jamaa ya lemuri wa Madagaska, akituangalia kutoka kwenye mwembe. Upande wa kusini, mbele ya Nioumachoua, kuna visiwa vidogo vyenye matumbawe ya kupendeza sana kwa kuogelea, na kati ya Julai na Oktoba nyangumi huja na watoto wao hadi karibu na nchi kavu. Hapo sitakawia; picha za fukwe zile ziko tele.

Nzwani ndiko nilikotaka kukaa zaidi.

Ni kisiwa cha milima mikali yenye mabonde yaliyochongwa na maji. Kilele cha Ntringui kinafika mita 1,595. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 424, na watu wamezidi laki tatu. Hesabu hiyo unaiona kwa macho. Migomba na mihogo imepanda miteremko ambayo mimi ningeshuka kwa makalio, na mikarafuu imekaa ukingoni mwa genge. Mji wa Mutsamudu unapendeza, vichochoro vyake na milango yake vitamkumbusha Mji Mkongwe kila mtu aliyewahi kufika Unguja, na juu yake ipo ngome yenye mizinga iliyojengwa kujikinga na mashambulizi ya Wamalagasi. Lakini katikati ya mji mto unaopita ni mwembamba na mchafu, na wazee wanakumbuka ulivyokuwa.

Mito ya Nzwani inakufa. Mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Msitu wa juu ndio uliokuwa ukikamua mawingu na kuyaachilia maji kidogo-kidogo, na msitu umekatwa kwa ajili ya mashamba, mbao na kuni. Kuni hizo ni pamoja na zile za kukamua langilangi. Nzwani husafirisha mafuta ya ua hilo hadi viwanda vya manukato vya Ufaransa, na Komoro ni kati ya wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Maua huchumwa alfajiri na wanawake, hupelekwa kwenye mitungi ya shaba au chuma, na moto huwashwa chini yake kwa saa nyingi, mchana na usiku. Kilo 50 hivi za maua hutoa lita moja ya mafuta. Nilikaa kwenye kiwanda kimoja cha kijiji; harufu ilikuwa nzito, tamu, na nyuma ya tanuru palikuwa na rundo la magogo lililonizidi kimo. Mwenye tanuru alisema bei anapangiwa na wanunuzi wa nje. Siwezi kumlaumu. Namlaumu anayeuza chupa ya manukato kwa bei ya ng'ombe bila kujua mto uliokauka ili iwepo.

Hapo ndipo popo wa Livingstone anapoingia. Amepewa jina la David Livingstone, na anapatikana Nzwani na Mwali tu, hakuna kwingine. Ni mweusi, masikio ya duara, mabegani ana manyoya ya rangi ya dhahabu, na mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita moja na nusu. Tulipanda hadi kwenye bonde lenye mti wa makazi. Kulikuwa mchana, na popo huyu haogopi mchana: walitoka mmoja-mmoja, wakatandaza mabawa kwenye hewa ya joto inayopanda bondeni, wakazunguka juu yetu bila kupiga bawa, taratibu, kama mwewe. Waliobaki duniani ni maelfu mawili hawafiki. Wanahitaji miti mirefu ya zamani kwenye mabonde makali yenye unyevu, na miti hiyo iko ndani ya mashamba ya watu.

Shirika la Dahari, la Wakomoro, lililoanza mwaka 2013, linakaa na wakulima hao. Linawasaidia kwa mbegu na mbinu za kilimo na kukubaliana nao juu ya kuiacha miti ya popo na kupanda mingine kwenye vyanzo vya maji. Mkulima aliyetupitisha shambani kwake alikuwa na maelezo mafupi kuliko ripoti yoyote: popo hutawanya mbegu, mbegu huwa miti, miti huleta maji, na yeye anataka maji ya kumwagilia viazi.

Kutoka pwani ya mashariki ya Nzwani, siku ya mawingu machache, Maore huonekana. Kisiwa hicho kilibaki chini ya Ufaransa, na tangu 2011 kinahesabiwa mkoa wake kamili, ilhali serikali ya Komoro inakidai. Tangu Ufaransa iweke masharti ya viza mwaka 1995, watu huvuka usiku kwa boti ndogo kutafuta kazi, hospitali au ndugu zao, kwenye bahari ya kilomita sabini hivi, na wengi sana wamezama. Familia niliyokula nayo Domoni imempoteza binti. Waliniwekea mataba, kisamvu cha nazi, na samaki, wakanisimulia huku wakinikaribisha niongeze. Sikuvuka kwenda Maore.

Lakini Maore ina habari mpya. Mei 2018 kisiwa kilianza kutetemeka, na mwaka 2019 meli ya watafiti ikagundua, kilomita 50 hivi mashariki yake, mlima mpya uliozaliwa chini ya bahari, umeinuka zaidi ya mita 800 kutoka sakafuni. Umeitwa Fani Maore. Kilele chake bado kiko mbali chini ya mawimbi. Kwa hiyo hata kule kwenye kisiwa kikongwe, penye udongo na mito, kazi iliyoijenga Ngazija bado inaendelea.

Kwa atakayekwenda: msimu wa kusi, Mei hadi Oktoba, ndio mkavu na ndio wa kupanda mlima; wakati wa kaskazi mvua huzuia njia na dhoruba hutokea. Ulizia hali ya Karthala Moroni kabla hujapanda, na chukua kiongozi wa kijiji cha njia utakayopita. Beba yuro taslimu, maana faranga ya Komoro imefungwa nayo, karibu 492 kwa moja, na mashine za benki si za kutegemea nje ya miji. Vaa kwa heshima ya Kiislamu vijijini, omba ruhusa kabla ya picha. Mlimani panga lita tano za maji kwa kila mtu kwa safari ya kulala usiku mmoja, na ukifika nyumba ya Ngazija ukapewa maji ya kuoga, yatumie kwa kopo.